Nairobi hadi New York bila kutua: kilomita 11,840 kwenye karatasi, saa 15 kwenye kiti

Ukiuliza intaneti umbali wa kutoka JKIA (uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi) hadi JFK (uwanja wa John F. Kennedy, New York), jibu linakuja kabla hujaondoa kidole kwenye simu: takriban kilomita 11,840, saa 15 na ushei angani. Namba ya kwanza iko sawa. Ya pili iko sawa upande mmoja tu wa safari, na hata huko imepatia kwa bahati. Hapa tunapima vitu viwili kwa pamoja, kwa sababu abiria naye huvitumia pamoja: vikokotoo vya mtandaoni vya umbali na muda wa ndege, na safari yenyewe ya Kenya Airways isiyotua njiani, iliyozinduliwa tarehe 28 Oktoba 2018 na kuwa ya kwanza kuunganisha Kenya na Marekani moja kwa moja.

Kwa mwenye haraka: kama mwisho wa safari yako ni New York, New Jersey au Connecticut, hakuna njia inayoishinda hii kwa muda. Kama unaenda Dallas, Seattle au Minneapolis, soma kwanza sehemu ya JFK kabla ya kulipa.

Vikokotoo vinajua nini

Karibu vyote hufanya kazi ileile. Vinachukua latitudo na longitudo za viwanja viwili, vinapima duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, kisha vinagawanya umbali huo kwa mwendo mmoja uliowekwa na kuongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Mwendo huo mara nyingi ni maili 500 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe. Maili 7,357 ukigawanya kwa 500 unapata saa 14 na dakika 43. Ongeza dakika 30, unafika saa 15 na dakika 13.

Sasa linganisha na ratiba ya uzinduzi ya mwaka 2018. Ndege iliondoka Nairobi saa 23:25 na kufika New York saa 06:25 asubuhi. Katika majira ya baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, kwa hiyo 06:25 ya kule ni 14:25 ya Nairobi: saa 15 kamili. Kikokotoo kinaonekana hodari. Lakini igeuze safari. Kuondoka JFK saa 12:25, kufika JKIA saa 10:55 kesho yake, hiyo ni saa 14 na nusu. Kikokotoo bado kinasema saa 15 na dakika 13, kwa sababu kwake kwenda na kurudi ni kitu kimoja.

Kosa haliko kwenye umbali, liko kwenye upepo. Juu kule ndege inakopita, kati ya latitudo 30 na 60, kuna mikondo mikali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na huwa mikali zaidi kati ya Desemba na Februari. Njia ya Nairobi–New York inaingia kwenye eneo hilo ikikaribia Moroko na haitoki tena mpaka inatua. Kwa ndege inayosafiri kilomita 900 kwa saa katika hewa tulivu, kila kilomita 10 kwa saa za upepo wa mbele huongeza karibu dakika 9 kwenye umbali huu. Upepo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa ukikujia usoni, muda wa angani unapanda kutoka saa 13 na dakika 10 hadi karibu saa 13 na dakika 56. Upepo huohuo ukikusukuma mgongoni, muda unashuka hadi karibu saa 12 na dakika 28. Tofauti ni kama saa moja na nusu. Ratiba huonyesha pungufu ya hiyo kwa sababu inahesabu pia foleni za ardhini, na foleni ya kuruka JFK mchana si ya kubeza.

Kuna wanaodai tofauti hii inatokana na dunia kuzunguka chini ya ndege. Hapana. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege iko ndani ya hewa hiyo.

Vikokotoo vina mitego mingine midogo inayowakosesha watu. Vingine hupima mji hadi mji badala ya uwanja hadi uwanja. Kwa safari ndefu kama hii haiathiri kitu, lakini kwa Nairobi–Entebbe, ambayo ni kilomita 520 tu, inaonekana. Ukiandika "Nairobi" bila msimbo, programu inaweza kuchukua uwanja mdogo wa Wilson (WIL) badala ya JKIA, ambayo msimbo wake ni NBO. Ukiandika "NYC" umetaja viwanja vitatu kwa mpigo: JFK, LaGuardia na Newark. Andika misimbo yenye herufi tatu kila mara. Halafu angalia aina ya maili: 7,357 ni maili za nchi kavu, wakati marubani huhesabu maili za baharini, ambazo hapa ni karibu 6,390. Ukiona tovuti mbili zikitofautiana kwa takriban maili 1,000, kwa kawaida ndiyo sababu. Zikitofautiana kwa kilomita chache tu, moja imeichukulia dunia kuwa mpira kamili na nyingine imehesabu ubapa wake wa kwenye ncha. Puuza.

Kwa umbali na ramani ya njia, tovuti ya Great Circle Mapper inatosha: andika NBO-JFK na unapata mstari na namba. Kwa muda, achana na vikokotoo kabisa. Fungua Flightradar24, tovuti ya kufuatilia ndege, tafuta namba ya safari (KQ2 kwenda, KQ3 kurudi), tazama siku 7 zilizopita ambazo huonyeshwa bila malipo, na usome saa ya kuruka na saa ya kutua. Chukua wastani wake. Hiyo ndiyo namba ya kumpa ndugu anayekuja kukupokea.

Mstari ulivyo kwenye dunia

Chukua ramani bapa ya ukutani, weka rula kati ya Nairobi na New York. Rula itapita Nigeria, Mali na pwani ya Mauritania. Njia fupi ya kweli haipiti huko. Ukivuta uzi kwenye tufe la dunia utaona unaondoka Nairobi kuelekea kaskazini magharibi, unapita karibu na Mlima Elgon, Sudan Kusini, Darfur, Chad, Niger, unakata jangwa la Algeria, unapita karibu na Marrakech, kisha unaingia Atlantiki na kuvuka juu ya visiwa vya Azores vya Ureno. Ukifuata rula badala ya uzi, unaongeza karibu kilomita 350.

Lakini hata uzi si njia halisi. Anga ya Sudan imekuwa tatizo tangu vita vilipoanza Aprili 2023. Niger ilifunga anga yake Agosti mwaka huohuo baada ya mapinduzi, ikaifungua mwezi uliofuata. Libya mashirika mengi huikwepa. Kila siku wapanga safari hutafuta njia yenye upepo mdogo na anga iliyo wazi, kwa hiyo kilomita zinazosafiriwa huwa nyingi kuliko 11,840. Ukiona kwenye skrini ya kiti ndege inachepuka kwa namna isiyoeleweka, sababu ni mojawapo ya hizo mbili, au zote.

Azores nazo zina kazi yao. Uwanja wa Lajes ulioko kule unajulikana kwa kupokea ndege zinazopata shida katikati ya bahari, na uko karibu kabisa na mstari huu. Kwa anayeogopa kuruka juu ya maji mengi, ni habari njema.

Kwa nini ndege huondoka usiku

Watu hulalamikia saa ya kuondoka Nairobi. Ina sababu zaidi ya moja. JKIA iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyembamba kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Mabawa na injini hupata nguvu kidogo zaidi hewa inapokuwa nzito, na hewa ya usiku yenye baridi ni nzito kuliko ya saa nane mchana. Boeing 787-8 inayotumika hapa ina uzito wa juu kabisa wa kuruka wa takriban tani 228, na safari ya upande mmoja inahitaji zaidi ya tani 80 za mafuta. Ukiwa Nairobi huwezi kupakia kila kitu kwa wakati mmoja: mafuta, abiria na shehena vinagombania uzito uleule. Kuruka usiku kunaokoa tani kadhaa. Njia ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4 nayo inasaidia.

Boeing hutaja umbali wa 787-8 kuwa takriban kilomita 13,500, na mtu anaweza kudhani safari ya kilomita 11,840 ina nafasi tele. Namba ya Boeing ni ya ndege inayoruka kutoka uwanja ulio usawa wa bahari, bila upepo, ikiwa na mzigo wa kawaida. Toa mwinuko wa Nairobi, toa upepo wa mbele wa Januari, na nafasi inabaki ndogo. Kwenye safari zenye ukomo kama hizi, anayepunguziwa kwanza ni shehena. Ndiyo maana begi la ziada si kitu cha kuja kuomba kaunta usiku wa safari. Linunue mapema mtandaoni.

Sababu nyingine ya usiku ni kuunganisha. Abiria wa Dar es Salaam (kilomita 670), Kigali (760), Entebbe na Zanzibar huweza kufika Nairobi jioni na kuendelea usiku uleule, wakafika New York asubuhi wakati ndege za ndani za Marekani zinaanza siku.

Tahadhari moja inayogharimu watu tiketi: tarehe. Saa ya kuondoka hubadilika kwa msimu na mara nyingine huvuka usiku wa manane. Tiketi ikiandikwa 00:05 Jumatano, unatakiwa uwanjani Jumanne jioni. Kwa sisi tunaohesabu saa sita usiku kama mwendelezo wa siku iliyopita, kosa hili ni rahisi kuliko linavyoonekana. Kuna pia mabadiliko ya saa ya Marekani: Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza mbele, Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha nyuma. Nairobi haisogezi kitu. Kwa hiyo tofauti ni saa 7 majira yao ya joto na saa 8 majira ya baridi, na wiki hizo mbili za mabadiliko ndizo ambazo watu hukosea kumpigia aliyetua.

Ndani ya ndege

787-8 za Kenya Airways zina viti 234: 30 vya daraja la biashara na 204 vya kawaida. Daraja la kawaida limepangwa 3-3-3, yaani viti vitatu vitatu vinavyotenganishwa na njia mbili, na nafasi kati ya kiti na kiti ni kama inchi 32, yaani sentimita 81. Kwa saa 5 za kwenda Dubai hutajali. Kwa saa 15, kiti cha katikati ni adhabu, na tunashauri kulipia kuchagua kiti hata kama ni mtu wa kubana matumizi. Chagua kando ya njia kama unakunywa maji vizuri, jambo ambalo unapaswa kufanya, kwa sababu kukaa saa nyingi bila kusogeza miguu huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya mguu. Simama kila baada ya saa mbili hivi. Mwenye mimba, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au aliyewahi kupata tatizo hilo aongee na daktari kabla ya kununua tiketi, si siku ya safari.

Daraja la biashara lina vitanda bapa, lakini mpangilio ni 2-2-2. Maana yake aliyeko dirishani lazima amruke jirani aliyelala kila anapokwenda chooni. Kwa bei ya daraja hilo, mashirika kadhaa ya Ghuba yana mpangilio bora ambao kila kiti kinafikia njia. Wanandoa hawataona tatizo. Msafiri wa peke yake achukue kiti cha safu ya katikati, chenye njia yake.

Sifa kubwa ya ndege hii ni hewa. Shinikizo la ndani ya 787 huwekwa kuwa sawa na kimo cha mita 1,800 hivi, wakati ndege za zamani hufika 2,400. Mita 1,800 ndiyo kimo cha jiji la Nairobi. Kwa hiyo mkazi wa Nairobi anakaa angani saa 15 kwenye hewa ya nyumbani kwake, na masikio hayazibi wakati wa kupaa kwa sababu tofauti ni ndogo mno. Yanaziba mwishoni. JFK iko karibu sawa na bahari, na ndani ya nusu saa ya mwisho mwili unashuka mita 1,800 zote. Watoto wachanga wapewe ziwa au chupa kuanzia ndege inapoanza kushuka. Wakubwa watafune kitu. Wakati wa kurudi ni kinyume chake: kutua Nairobi hakusumbui masikio.

Usiku nao ni mrefu kupita kawaida. Ndege inakimbia kuelekea magharibi huku mapambazuko yakiifuata nyuma, na yanaikaribia polepole tu. Desemba unaweza kutua bado giza, baada ya usiku uliodumu karibu saa 20 tangu jua lizame Nairobi. Juni jua linakukuta juu ya Atlantiki. Ushauri wa kulala ni rahisi: kula nyumbani au uwanjani, lala saa 7 au 8 za mwanzo, na uwe macho saa za mwisho, kwa sababu unafika asubuhi na una siku nzima mbele yako. Anayeangalia filamu tatu za kwanza kisha akalala saa 4 kabla ya kutua huwa ameharibu siku mbili zinazofuata.

Chakula hatukihukumu, menyu hubadilika na ladha ni ya mtu.

Njia za mzunguko

Hapa umbali unasema kitu ambacho wengi hawakitarajii. Kupitia Ulaya hakuongezi sana: Nairobi–Paris–New York ni karibu kilomita 12,330, kupitia London karibu 12,400, kupitia Amsterdam karibu 12,500. Nyongeza ni asilimia 4 hadi 6 tu, kwa sababu Ulaya Magharibi haiko mbali na ule uzi wa kwenye tufe. Kupitia Doha ni karibu kilomita 14,100, na kupitia Dubai karibu 14,560, yaani asilimia 19 na 23 zaidi. Unaanza kwa kwenda mashariki, kisha unalipia njia hiyo yote kuirudi.

Kwa muda wa angani, Ulaya ni kama saa 8 hadi 9 ya kwanza na 8 nyingine, jumla 17 hivi. Ghuba ni 5 na 14, jumla 19 hivi. Weka juu yake muda wa kusubiri. Saa 2 ni chache lakini zinawezekana, saa 6 ni za kawaida, na tiketi rahisi kuliko zote huficha saa 14 za kukaa kwenye benchi. Hapo ndipo safari ya moja kwa moja inaposhinda: inakuokolea saa 4 kwa uchache, mara nyingi 8 au zaidi.

Addis Ababa ni chaguo la bei. Bole, uwanja wake, iko mita 2,334 juu ya bahari, juu zaidi ya Nairobi, na tatizo la uzito wa kuruka ni kubwa zaidi huko. Kwa sababu hiyo safari za kwenda mashariki ya Marekani kwa miaka mingi zimesimama njiani, Lomé au Abidjan kwa mfano. Unayeangalia tiketi ya Nairobi–Addis–Newark hesabu mara ndege inazotua, si mabadiliko ya ndege tu. "Kuunganisha mara moja" kunaweza kuwa na kutua mara mbili kabla ya Marekani.

Faida moja ya mzunguko isidharauliwe: kuna watu ambao saa 15 mfululizo hawaziwezi. Mzee mwenye magoti mabovu, au mama aliye peke yake na watoto wawili chini ya miaka mitano, anaweza kupona zaidi kwa vipande viwili vya saa 8. Angalia tu masharti ya visa ya kupita Uingereza au nchi za Schengen kwa pasipoti uliyo nayo. Mara nyingi visa halali ya Marekani hukuondolea sharti hilo, lakini soma masharti ya uraia wako kabla ya kulipa.

JFK, mahali muda unapopotea

Ukitua Marekani kutoka nje, uwanja wa kwanza ndio unaokukagua. Hata kama lebo ya begi imeandikwa DFW (Dallas) au SEA (Seattle), JFK utafanya haya yote: foleni ya uhamiaji, kuchukua mabegi yako kwenye mkanda, kupita forodha, kuyakabidhi upya, na kupita ukaguzi wa usalama tena, pengine katika jengo jingine linalofikiwa kwa treni ya AirTrain. Hakuna begi linalopita lenyewe. Anayeacha begi likizunguka kwenye mkanda akidhani "limetumwa moja kwa moja" hulikuta siku mbili baadaye.

Weka saa 3 kati ya kutua na ndege inayofuata ikiwa inaondoka JFK hapohapo, na 4 kama ni mara yako ya kwanza kuingia Marekani. Ikiwa tiketi inakutoa LaGuardia, ongeza. Ikiwa ni Newark, uko upande wa pili wa Manhattan kabisa, katika jimbo jingine, na foleni za barabara za asubuhi: tungeikataa tiketi hiyo kwa punguzo lolote la kawaida.

Sasa hesabu ya anayeenda Dallas. JFK–Dallas ni kilomita 2,240, karibu saa 4 kwa ratiba. Saa 15, kusubiri 4, ndege 4: ni 23. Doha na Dubai zina ndege za moja kwa moja hadi Dallas, na mtu huyo anapita ukaguzi wa Marekani kwenye uwanja wa mwisho, mabegi mkononi, kazi imekwisha. Seattle, iliyo karibu kilomita 3,900 kutoka New York, hesabu ni mbaya zaidi. Kwa Boston, Philadelphia au Baltimore, New York bado inafaa, tena treni au basi huweza kuwa afadhali kuliko kupanda ndege nyingine.

Anayeishia jijini ana njia mbili za maana. AirTrain hadi kituo cha Jamaica, kisha treni ya chini ya ardhi ya E au treni ya LIRR, ile ya reli ya Long Island, ambayo ni ghali kidogo lakini ya haraka. AirTrain yenyewe hulipiwa unapotoka Jamaica au Howard Beach. Au teksi ya njano, yenye nauli moja isiyobadilika ya JFK–Manhattan, dola 70 tangu mwishoni mwa 2022, kabla ya ada za barabara na bakshishi. Anayekufuata ndani ya jengo akikuuliza kama unataka teksi si wa kumfuata. Foleni rasmi iko nje.

Mizigo na ukaguzi

Njia hii kwa kawaida huruhusu daraja la kawaida mabegi 2 ya kilo 23 kila moja, ila tiketi za bei ya chini hutofautiana, kwa hiyo soma mstari wa mizigo kwenye tiketi yako, si kwenye ya jirani. Vipimo vya begi, urefu na upana na kina ukivijumlisha, visizidi sentimita 158. Pima nyumbani na mizani ya kuning'iniza. Kilo moja ya ziada kwenye begi moja hailipwi na upungufu wa begi la pili.

Fika JKIA saa 4 kabla. Ndege za kwenda Marekani zina ukaguzi wa nyongeza karibu na lango, baada ya ule wa kawaida, na maji uliyonunua katikati yanaweza kuishia hapo. Unga ndio unaokwamisha Waswahili wengi: kitu chochote cha ungaunga kinachozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi huweza kuchambuliwa zaidi au kukataliwa kwa safari za kuingia Marekani. Unga wa ugali, wa wimbi na iliki ya kusaga viweke kwenye begi kubwa, vikiwa kwenye pakiti ya kiwandani isiyofunguliwa.

Upande wa pili, tangaza chakula chote. Chai na kahawa iliyokaangwa hupita. Nyama, hata iliyokaushwa, na matunda mabichi kama embe na parachichi hunyang'anywa, na mbegu za kupanda zina masharti yake. Kutangaza kitu kilichokatazwa kunakupotezea kitu hicho tu. Kukificha kunakuletea faini. Fedha taslimu zinazozidi dola 10,000 hutangazwa vilevile. Si kosa kuwa nazo, kosa ni kunyamaza.

Mwisho, nunua safari nzima kama tiketi moja, hata kama kipande cha Dar–Nairobi kinaonekana rahisi ukikinunua peke yake. Ndege ya jioni ya Dar ikichelewa kwa saa 2 na uko kwenye tiketi moja, shirika linalazimika kukutafutia nafasi nyingine. Ukiwa na tiketi mbili, ile ya New York inahesabiwa umeikosa mwenyewe. Na kwa kuwa safari hii haina ndege nyingi kwa siku, na idadi yake kwa wiki hupanda na kushuka kwa msimu, nafasi nyingine inaweza kuwa kesho kutwa.